Shangazi Yangu Paka na Usipa wa Nyasa

Mpaka leo simpi paka samaki mbichi. Wajukuu zangu hunicheka wakinikuta jikoni nachemsha kichwa cha samaki, natoa miiba mmoja mmoja, nachanganya na ugali na kipande cha maini, kama vile nampelekea mgonjwa chakula hospitali. "Bibi, kwani samaki si ndiyo chakula cha paka?" Nawaambia nyamazeni, nyie hamjui kitu. Mngekuwapo Mbeya mwaka ule tuliohama kutoka Iringa, nanyi mngechemsha.

Nilizaliwa Iringa katika miaka ya hamsini, mwanzo mwanzo. Mama yangu alifariki nikiwa na siku chache tu duniani. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache, na mtoto mchanga alikuwa hajui hata amshike wapi. Akapeleka habari Kilwa kwa mama yake. Bibi akaja na kasha lake la nguo na mkeka. Alikuja kwa siku arobaini, anipokee, nipate nguvu, arudi kwao. Arobaini zikapita, akasema ngoja mtoto aote meno. Meno yakaota, akasema ngoja atembee. Akangoja hivyo hivyo miaka tisa.

Lakini kuaga hakuacha. Ukiingia mwezi wa sita na ile baridi ya Iringa inayopita chini ya mlango, bibi anajifunika kanga tatu anasema, "Mimi narudi kwetu." Akipewa ugali siku tatu mfululizo, "Mimi narudi kwetu." Mwenye nyumba akisema neno baya, "Mwambieni mimi narudi kwetu." Baba alikuwa hajibu, anakanyaga cherehani yake tu. Mimi nilikuwa naamini kila mara. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na asubuhi kabla sijafumbua macho napapasa kwanza upande wake, nione kama yupo.

Paka alimwokota sokoni siku ya mvua, mdogo kama ngumi, amelowa chapachapa chini ya meza ya muuza nyanya. Bibi alisema nyumba ya Muislamu haiwi bila paka, akamtia ndani ya kanga akaja naye. Hakumpa jina. Alimwita mwanangu. Mimi nilikuwa mjukuu wake, baba ni mwanawe, na paka jike naye ni mwanawe. Kwa hiyo, nikamwambia baba siku moja, huyu ni shangazi yangu. Baba alicheka mpaka uzi ukakatika. Tangu siku hiyo tulimwita Shangazi, sisi wawili, bibi akiwa hayupo karibu.

Iringa Shangazi alikula kila kitu. Alikula ugali uliorowekwa kwenye mchuzi, mapande ya mafuta ya nyama, maziwa ya mama mmoja wa Kihehe aliyekuwa akituletea kwenye kibuyu, na panya wa stoo ya mwenye nyumba, ambao hawakuwa na idadi. Alinenepa, manyoya yakang'aa. Bibi hakuridhika hata kidogo. Samaki Iringa ile alikuwa wa bahati: mara moja moja ng'onda kutoka pwani, mkavu, mwenye chumvi ya kukausha ulimi. Bibi akimtazama Shangazi anakula ugali, anamsikitikia kwa dhati. "Nisamehe, mwanangu. Nimekulea nchi haina bahari." Na paka mwenyewe kazaliwa Iringa sokoni, bahari hakuwahi kuiota.

Nilipokuwa na miaka tisa, mwenye duka mmoja wa Mbeya akamtaka baba akashone kwenye baraza ya duka lake, na sisi tukae vyumba vya nyuma ya duka hilohilo. Bibi alikataa siku nne. Siku ya tano akatafuta kikapu chenye mfuniko. Tukapanda basi, kikapu kwenye mapaja ya bibi, Shangazi akilia ndani yake tangu Iringa mpaka Makambako bila kupumzika. Abiria walichoka, mmoja akauliza huyo mtoto ana nini. Bibi akamjibu, "Anaumwa na safari, kama wewe." Alikuwa na ulimi huo.

Mbeya ikawa baridi kuliko Iringa. Matope mpaka kwenye vifundo, ukungu umekaa juu ya mlima siku nzima. Bibi aliteremka basini, akatazama huku na huku, akasema, "Mimi narudi kwetu." Baba akabeba kasha.

Siku ya tatu akaenda sokoni, na akarudi mtu mwingine kabisa. Alikuwa ameona malori yaliyotoka Kyela kupitia Tukuyu, yameshusha mchele, ndizi, na matenga ya usipa wa Ziwa Nyasa. Si wakavu! Wabichi, waliovuliwa usiku, wameng'aa, na kwa ile baridi walifika asubuhi hawajaharibika. Bibi alikuja na kifurushi cha majani ya mgomba amekikumbatia. Akaketi chini jikoni, akakifungua mbele ya Shangazi, akasema, "Haya, mwanangu. Leo umefika kwenu."

Shangazi alinusa kidogo, kisha akala kama aliyefunga mwezi. Bibi alilia machozi.

Kuanzia hapo ikawa sheria. Kila asubuhi kabla sijaenda chuo cha Kurani, kwanza niende sokoni nilete usipa wa paka. Sahani ya bati inajazwa, asubuhi na jioni. Nilipouliza kama tuwachemshe, bibi aliniona mjinga. "Samaki wa paka hapikwi. Pwani mvuvi anamtupia paka samaki bado anarukaruka. Umewahi kuona paka anasubiri chungu kichemke?" Sikuwahi kuona. Nikaacha.

Labda yasingetokea ya kutokea kama si habari ya panya. Mwezi uleule watu wa afya wa mji walipita maduka na mastoo wakiweka sumu ya panya. Paka wa jirani akala panya mmoja aliyekuwa akisuasua, na kesho yake akakutwa mferejini amekufa, nzi wamemjaa. Bibi alifunga mlango wa uani, akaziba tundu la ukuta kwa gunia, akaapa kwamba mwanawe hataweka panya mdomoni tena. Hata mabaki ya mezani akayakataza, maana nani ajuaye panya kapita wapi. "Atakula usipa tu. Usipa nauona kwa macho yangu." Basi Shangazi akawa mfungwa wa heshima, anashushiwa usipa mbichi mara mbili kwa siku, na kitu kingine hakuna.

Wiki zikapita. Kwanza alianza kubakiza. Bibi akasema kashiba, akambembeleza kwa kidole, samaki mmoja mmoja. Halafu nikaona akitembea, miguu ya nyuma inapepesuka. Alijaribu kuruka kitandani, akaanguka chali, yeye ambaye Iringa alikuwa akitembea juu ya kamba ya nguo! Nikacheka. Bibi akanizaba kofi la mgongo, na mara nikaona kwamba si jambo la kucheka. Kichwa cha Shangazi kilianza kuinama, kidevu kikagusa kifua, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Macho yalikuwa meusi yote, yametanuka mchana kweupe.

"Kijicho," bibi akasema. "Wamemwona anavyokula, wamemtia kijicho." Akaenda kwa mwalimu wangu wa chuo, akaandikiwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, mgonjwa anywe. Mwalimu alisita kidogo aliposikia mgonjwa mwenyewe ni nani, lakini bibi hakuwa mtu wa kukataliwa. Akawa anamnywesha Shangazi kwa kijiko, matone matatu, kisha anamsogezea usipa. "Kula, mwanangu, upate nguvu."

Jioni moja kabla ya magharibi alikuwa amempakata, anamwinua kile kichwa kwa kiganja, nacho kinarudi chini. Akasema, si kwa sauti ile ya siku zote ya kutulalamikia, alisema taratibu kama anayezungumza na nafsi yake: "Huyu akifa, mimi sina tena cha kuniweka kwenye baridi hii. Wiki hiyohiyo napanda basi."

Baba alisimamisha cherehani. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Miaka yote alikuwa hasimamishi.

Nitasema kweli, sikumwonea Shangazi huruma siku ile. Nilijionea huruma mimi. Nilikuwa sina mama mwingine zaidi ya yule mwanamke mwenye kanga tatu, na sasa alikuwa amemfunga mguu wake kwenye mguu wa paka mgonjwa. Nilikwenda nyuma ya jiko nikamwomba Mungu, nikamwambia kama lazima umchukue mmoja, chukua kuku wa jirani.

Kesho yake akaja bwana mifugo kuchukua kaptula zake za kaki. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, kazi yake kudunga ng'ombe sindano, mtu wa adabu sana. Alipomwona Shangazi kwenye mkeka aliacha kaptula, akachutama. Akamwinua, akamwacha, akamtazama machoni.

"Anakula nini huyu, bibi?"

"Samaki," bibi akajibu kwa fahari. "Usipa. Wabichi, wa leoleo."

"Na kitu gani kingine?"

"Kingine cha nini?"

Kijana akamrudisha Shangazi mkekani. Akasema, "Shikamoo tena, bibi, usinikasirikie. Kinachomuumiza ni huyo samaki."

Alieleza vizuri, nami nilishika kila neno. Alisema kuna samaki ambao wakiwa wabichi wana kitu ndani yao kinachokula nguvu ya chakula, ile nguvu inayolisha mishipa ya fahamu. Ukiwachemsha, kile kitu kinakufa. Paka akila mara moja moja, na vitu vingine, haimdhuru. Akila hao tu, kila siku, mishipa inachoka, miguu inalegea, kichwa kinainama, kisha anakufa.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, kwenu ni wapi?"

"Rungwe, bibi."

"Rungwe kuna bahari?"

"Hakuna, bibi. Chini huko liko ziwa."

"Ziwa!" Bibi akageuka kumtazama baba, kama kumwomba ushahidi. "Mimi nimezaliwa paka wanakula samaki, bibi yangu kazaliwa paka wanakula samaki, leo nafundishwa na mtu wa ziwani."

"Wale wa pwani wanakula samaki, ndiyo," kijana akasema polepole. "Na panya wanakula, na mijusi, na makombo ya kila nyumba. Hawajafungiwa."

Hapo bibi akakaza kanga kiunoni, na bibi akikaza kanga ni hatari. Kijana naye, badala ya kuishia hapo, akamaliza dawa yake. Samaki wabichi waachwe leo hii. Apewe maini. Na kwa kuwa sindano inayotakiwa hakuwa nayo, atafutiwe machicha ya pombe ya ulezi, yale mashapo yanayobaki chini ya chungu, yachemshwe mpaka harufu ya ulevi iishe, kijiko kimoja kwa siku. Ile nguvu iliyopotea imo humo.

Lo!

"Pombe," bibi akasema. "Ndani ya nyumba hii. Huku namnywesha kombe."

"Machicha, bibi. Ya kuchemsha."

"Paka hana dini, baba. Mimi ninayo. Chukua kaptula zako, uende salama, karibu tena siku nyingine." Akamsindikiza mpaka barazani kwa heshima zote, akarudi akafunga mlango.

Jioni ile baba aliniita nimshikie kitambaa, na kitambaa chenyewe hakikuwa cha kushikwa. Akanong'ona, "Sahani ya paka anaipeleka nani?"

"Mimi."

"Basi. Maini nitaleta mimi."

"Na machicha?"

Baba akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mtu mzima mwenye ndevu! "Mimi nikionekana kwenye kilabu cha pombe," akasema, "Ijumaa nitasimama safu gani?"

Nikaenda mimi. Nyuma ya ua wetu alikaa mama mmoja wa Kisafwa aliyekuwa akipika pombe ya kuuza. Nilipenya kwenye mabua, mtoto wa chuo na ushungi wangu kichwani, nikaomba machicha ya paka. Yule mama aliweka mikono kiunoni. "Paka yenu imeanza kunywa?" Akacheka mpaka akajifuta macho. Lakini nilipomwambia kwa nini, na nilipomwambia habari ya basi la Kilwa, aliacha kucheka. Akanichemshia mwenyewe kwenye kopo, akanusa, akaongeza kuni, akanusa tena. Kila siku alikuwa amekwisha kuyachemsha nikifika. Hakutaka hata asante.

Ilibidi nimlishe Shangazi wakati bibi anaswali alasiri, na alasiri si swala ndefu. Nilimchukua nyuma ya jiko, maini nimeyaponda, machicha kwenye kijiko. Hakutaka. Nikampaka miguuni, maana paka hakubali kuwa mchafu, akajilamba. Usipa wa sahani niliwabeba chini ya ushungi nikawatupia kuku wa yule mama. Siku mbili nilifanya hivyo, na siku ya pili jioni Shangazi akashikwa na degedege. Alijikunja kama upinde, akapiga miguu hewani, mate yakamtoka. Bibi alipiga yowe. Mimi nilisimama mlangoni nikijua moyoni kwamba nimemuua. Kama nisingemlisha uchafu wa kilabu angekuwa mzima, nikawaza, na bibi atajua, na ataondoka bila hata kuniaga. Sijawahi tena kuogopa kiasi kile, na nimezaa watoto sita.

Shangazi alitulia. Baba alinitazama, akatikisa kichwa kidogo tu: endelea. Nikaendelea.

Siku iliyofuata alikula maini mwenyewe kutoka kidoleni. Siku ya pili yake nilimkuta ameinua kichwa, anamwangalia nzi. Nzi tu, lakini mimi nilimwangalia naye yule nzi kwa furaha kama mgeni aliyetoka Maka. Baada ya siku chache tena alitembea mpaka mlangoni, bado anayumba, akakaa mlangoni akajilamba kifua.

"Mnaona kombe!" bibi akatangaza. "Mnaona? Halafu mtu anasema pombe." Baba aliinama sana juu ya cherehani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Wiki nzima nyumba ilikula sifa za kombe. Kisha ikaja Alhamisi, siku yangu ya kusukwa. Bibi aliketi kwenye kigoda barazani, mimi chini kati ya magoti yake, Shangazi amejilaza juani kando yetu. Alinichana, akagawa nywele kwa ncha ya kitana, akaanza mstari wa kwanza. Akasema, "Kesho mwambie yule mama machicha yanatosha sasa. Na umpelekee vitumbua, nitavipika."

Nilitaka kugeuka, akakishika kichwa.

"Bibi, ulijua?"

"Mimi nimezaliwa pwani, sikuzaliwa bila pua. Mjukuu wangu ananuka kilabu kila alasiri, nisijue?"

"Mbona hukunikataza?"

Alisuka mpaka mstari ulipofika kisogoni. Aliufunga kwa uzi, akaanza mwingine.

"Yule kijana alisema kweli," akasema. "Aliposema tu, nilijua. Nilikuwa namuua mimi, asubuhi na jioni, kwa mkono huu, namwambia kula mwanangu. Ningesimama mbele ya watu niseme hivyo? Na nikimwona anautazama mkono wangu, ningempa. Ningempa tu. Nikaona bora afanye mwenye moyo mgumu."

"Mimi sina moyo mgumu."

"Unao. Mshukuru Mungu."

Lori lilipita barabarani na matenga yake, bibi hata hakuinua uso. Halafu nikauliza lile nililokuwa nimelibeba siku zote zile, nikaliuliza huku natazama vidole vyangu vya miguu.

"Angekufa, ungerudi Kilwa?"

Mikono yake ilisimama kichwani mwangu. Ilikaa hapo, na vidole nilivisikia baridi.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana ulikwenda kule." Kisha akakivuta kichwa changu nyuma mpaka kikalala kwenye tumbo lake, akanitazama usoni kichwachini. "Mjinga wewe. Niende Kilwa, kichwa hiki atakisuka nani?"

Akanirudisha mbele, akaniambia nitulie, akaendelea. Alinisuka yeye mpaka siku niliyoolewa.